Bafu la futi nne: kabati lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Mabafu mengi ya fleti, yawe ya Migosi kule Kisumu au Section 58 huku Nakuru, yana upana wa futi nne hivi, yaani sentimita 120, na urefu wa futi saba au nane. Humo ndani mna choo cha kukalia, sinki ndogo na shawa ya stima inayorusha maji hadi kwenye mlango, maana hakuna kioo wala ukingo wa kutenga sehemu ya kuogea. Ongeza mtungi wa lita 20 wa siku za mgao, ndoo, beseni, brashi na dawa za kusafishia. Si ajabu kwamba mtu akianza kukarabati bafu la namna hii, swali lake la kwanza pale hadiwea ni kabati.

Hapo ndipo pesa hupotea. Makabati mengi yanayowekwa mbele ya duka yametengenezwa kwa ajili ya bafu pana lenye sakafu kavu, na hili halina upana wala ukavu. Kwa anayetaka jibu la haraka: kidaka, yaani shimo la rafu ndani ya ukuta, kinachochongwa na fundi kabla ya vigae kuwekwa ndicho cha kwanza, rafu ya juu ya mlango ni ya pili, na kabati la kioo lisilozidi kina cha sentimita 12 ni la tatu. Kabati la sinki la mbao za kubanwa ni la mwisho, hata likiwa kwenye ofa.

Pima kabla ya kupenda

Choo kinahitaji sentimita 38 kutoka katikati yake hadi ukutani au hadi kitu chochote kilicho kando, na mbele yake kusipungue sentimita 53. Sitini ndizo zinazokaa vizuri. Kabati la sinki la kawaida lina kina cha sentimita 45 hadi 47. Likikaa kwenye ukuta mrefu wa bafu la sentimita 120, njia inabaki sentimita 74, na juu ya karatasi inaonekana inatosha. Kisha mlango unafunguka kwa ndani, nao una upana wa sentimita 70 hivi. Hapo ama mlango unagonga kabati, ama mtu anaingia kwa ubavu.

Dawa yake ni katoni. Kata katoni ya ukubwa wa kabati unalolitaka, iwekwe mahali pake, funga mlango, keti chooni, inama kama anayejaza ndoo. Kitakachokugonga kwenye katoni kitakugonga kwenye kabati, ila kwa uchungu zaidi. Mlango ukileta shida, kuugeuza ufunguke kwa nje ni kazi ya bawaba na fremu, na huokoa nafasi kubwa kuliko kabati lolote linavyoweza kuokoa. Pia ni salama zaidi mtu akianguka ndani, kwa sababu mwili hauzuii mlango.

Jambo la kukumbuka muda wote: bafu jembamba lina urefu wa kutoa, halina upana wa kutoa. Ukitaka kuongeza ukuta wa uongo au benchi, viweke upande mfupi, mwisho wa bafu. Usiviweke kwenye ukuta mrefu.

Kabati la sinki la tayari

Yako ya aina tatu, na tofauti iko kwenye mwili. Usidanganywe na mlango unaong'aa.

La kwanza ni la chipbodi au MDF, zile mbao za kubanwa, iliyofunikwa karatasi ya plastiki. Uso wake hauna shida. Shida iko kwenye kingo ambazo hazikufunikwa, hasa chini kabisa, na kwenye tundu la nyuma ambalo fundi alilikata kupitisha mabomba. Maji huingia hapo, nyuzi za mbao huvimba, na zikishavimba hazirudi. Milango huanza kusuguana, skrubu za bawaba hulegea, kisha kabati hufunguka lenyewe. Kwenye bafu ambalo sakafu nzima hulowa kila mtu akioga, hili ni la kuacha dukani. MDF yenye rangi ya kijani ndani huvumilia unyevu wa hewa, haivumilii kusimama majini. Muuzaji akikuambia haipitishi maji, anauza.

La pili ni la bodi ya PVC yenye povu ndani, unene wa milimita 15 hadi 18. Hilo halivimbi hata likilowa, na kwa bafu letu ndilo pekee la dukani tunaloweza kulipendekeza. Udhaifu wake ni ulaini. Skrubu ikifunguliwa na kufungwa tena mara chache, tundu hupanuka na bawaba hung'oka, kwa hiyo angalia kama bawaba zimefungwa kwa skrubu zenye meno mapana, na usikubali rafu ya ndani ndefu kuliko sentimita 50 isiyo na mhimili katikati, maana itapinda. Sinki ya kauri isibebwe na bodi peke yake. Lazima ifungwe ukutani kwa boliti zake, kabati liwe ni vazi tu.

La tatu ni la aluminiamu, la kuundwa kwa vipimo vyako na mafundi wa madirisha. Halina kutu nyekundu, halivimbi, na linaweza kutengenezwa lenye kina cha sentimita 30 badala ya 46, jambo ambalo kiwanda hakikufanyii. Kelele zake wakati wa kufunga ni bei ya kukubalika.

Aina yoyote utakayochagua, lining'inie ukutani sentimita 20 au zaidi kutoka sakafuni, au lisimame kwenye miguu ya plastiki ya kurekebishwa. Lisikae sakafuni moja kwa moja.

Lakini kabla hujalinunua, jiulize mtungi utakaa wapi. Mtungi wa lita 20 ukijaa una zaidi ya kilo 20, na kina mama wa nyumbani hawataubeba hadi chumbani kwa sababu kabati limeziba chini ya sinki. Kwa nyumba yenye mgao, chini ya sinki pabaki wazi. Mwambie fundi amimine bamba la zege la sentimita 5, lenye nondo za milimita 8 kila sentimita 15, lishikwe na kuta mbili za pembeni au lipachikwe ukutani kwa upande mmoja na kibao cha matofali upande wa pili. Juu yake inakaa sinki, chini yake mitungi miwili kwa nafasi ya upana wa sentimita 65 na kimo cha 50. Pazia la plastiki mbele likitakiwa. Haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo inayotumika.

Kidaka, kazi ya kulipia

Nyumba za mawe za Lamu zimekuwa na vidaka ukutani kwa karne kadhaa, kwa hiyo hakuna fundi anayehitaji kuelezwa kidaka ni nini. Kinachohitaji maelezo ni kwamba hiki cha bafuni humwagiwa maji kila siku. Kuchimba ni robo ya kazi. Kuzuia maji ndiyo kazi yenyewe.

Anza kwa kuchagua ukuta. Ukuta wa inchi tisa unaruhusu kuchimba sentimita 12 na bado nyuma pabaki mawe ya kutosha. Wa inchi sita usiuguse: ukichimba sentimita 12 hapo, unabakiwa na ganda, na plasta ya chumba cha upande wa pili itapasuka kabla nyundo haijapoa. Vivyo hivyo ukuta mnaoutumia pamoja na jirani. Nguzo za zege na boriti za juu si za kuchonga hata kidogo. Ukikuta nondo, simama, funika, hamia mahali pengine.

Kisha mabomba na nyaya. Bomba la shawa hupanda wima kutoka kwenye mfereji, na waya wa shawa ya stima mara nyingi huteremka wima kutoka darini au hukimbia sambamba na swichi yake. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23 kwa volti 240. Huo si waya wa kuukuta kwa ncha ya drili. Kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa stima nchini walifundishwa huruhusu waya upite ndani ya sentimita 15 kutoka darini au kwenye kona ya kuta mbili, na kwenye mstari ulionyooka juu, chini na kando ya kila swichi. Basi maeneo hayo yote yaepuke, na stima izimwe pale kwenye bodi kuu, si kwenye swichi ya bafu tu.

Ukubwa wa kidaka huamuliwa na kigae. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye kazi zilizokamilika: fundi amechimba kwa kukadiria, halafu pembeni panahitaji kipande cha kigae cha vidole viwili, na jicho haliendi pengine kila ukiingia. Ukiwa na vigae vya sentimita 30 kwa 60, kidaka kilichokamilika kiwe 30 kwa 60, kisimame wima, nyuma kiingie kigae kimoja kizima. Sasa rudisha unene: plasta milimita 12, gundi milimita 5, kigae milimita 8, jumla milimita 25 kila upande. Shimo la kuchimbwa ni sentimita 35 kwa 65. Kina cha sentimita 12 kitakupa 9 na nusu baada ya kumaliza, na chupa ya shampuu ya familia inaingia.

Upana huo wa sentimita 35 hauhitaji lenta, ile boriti fupi ya kubeba mawe ya juu, kwa sababu jiwe la juu likiwa zima na limekaa vizuri hujivukia lenyewe. Ukitaka kidaka kipana kuliko sentimita 40, weka lenta ya zege yenye nondo mbili za milimita 10, ikalie mawe sentimita 15 kila upande. Wanaotaka kile kidaka kirefu cha ulalo kinachoonekana kwenye mitandao, cha mita nzima, wakifanye wakati ukuta unajengwa. Kukikata kwenye ukuta uliosimama ni kutafuta nyufa.

Kimo kinategemea mnavyooga. Kwa wanaosimama chini ya shawa, kizingiti cha chini kiwe sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Nyumba ya ndoo na watoto, teremsha hadi 70.

Kuchimba: chora mistari kwa pimamaji, kata mzunguko kwa grainda yenye diski ya almasi, kisha ukate mistari ya kuvukana ndani yake kama ubao wa bao, na uondoe vipande kwa tindo na nyundo nyepesi kuanzia katikati kuelekea kingo. Mawe ya volkeno ya kukatwa kwa mashine, yaliyo mengi Nakuru, ni laini na hukatika haraka, lakini yana vinyweleo na hunywa maji. Kwa hiyo yalowanishe kabla ya plasta, la sivyo yatafyonza maji ya saruji na plasta itabaki unga. Kule Kisumu na kwenda Kakamega na Bungoma utakutana na bloku za zege na matofali ya kuchoma. Bloku yenye uwazi ikifunguka, jaza uwazi wote kwa saruji moja na mchanga nne, uache siku mbili kabla ya kuendelea. Tofali la kuchoma lililoiva vibaya hupukutika kama mandazi ya jana. Hilo lisichongwe, ni afadhali ujenge nje.

Ukuta wa nje una jambo lake. Majengo mengi huachwa mawe wazi kwa nje, bila plasta, na mvua ya jioni inayopigwa na upepo huingia kwenye viungo. Kabla ya kuchonga kidaka upande huo, viungo vya nje vizibwe upya. Na kwa nyumba zilizojengwa kwenye udongo mweusi wa pamba, kama sehemu nyingi za uwanda wa Kano kuelekea Ahero, tazama kwanza kama ukuta una ufa wa mshazari. Udongo huo huvimba masika na kunywea kiangazi, nao ufa hupenda kupitia kwenye tundu.

Plasta ya ndani ni moja kwa nne, na chini ya kidaka pateremke kuelekea bafuni milimita 2 kwa kila sentimita 10. Kwa macho huoni mteremko huo, maji huuona. Kidaka kilicho bapa ndicho kinachoota ukungu mweusi kwenye grauti (saruji ya kujaza viungo vya vigae) hata ukikisugua kila wiki. Mwagilia plasta siku saba. Fundi atakuambia kesho inatosha kwa sababu ana kazi nyingine Mamboleo, wewe shikilia saba.

Baada ya hapo ni rangi ya saruji ya kuzuia maji, mikono miwili. Wa kwanza upakwe kwa ulalo, ukauke, wa pili upakwe kwa wima, ili tundu dogo lililoachwa na brashi huku lizibwe kule. Kona zote nane za ndani zipewe utepe wa wavu wa nyuzi za glasi katikati ya mikono hiyo miwili, na rangi itoke nje ya kidaka walau sentimita 15 kila upande. Kona moja ikisahaulika, hutaiona bafuni. Utaiona chumbani, rangi ikianza kutoa malengelenge nyuma ya kitanda.

Vigae huwekwa kwa utaratibu: wa nyuma kwanza, kisha kizingiti cha chini, halafu vya pembeni vikikalia kizingiti. Hivyo maji hupita juu ya kiungo badala ya kuingia ndani yake. Kizingiti tunakipenda cha graniti, kipande cha milimita 20 kilichobaki kwa mafundi wa meza za jikoni. Hukuuzia kwa bei ya mabaki, na wewe unataka cha sentimita 32 kwa 11 tu. Kitokeze mbele sentimita moja, na chini ya ukingo huo kikatwe mfereji mwembamba kwa diski ili tone lianguke badala ya kurudi ukutani. Kingo za kigae zilizokatwa nyuzi 45 hupendeza siku ya kwanza lakini huvunjika ncha zikigongwa na ndoo. Kona za ndani zizibwe kwa silikoni ya bafu yenye dawa ya kuvu. Usizijaze grauti, kwa sababu kuta mbili husogea tofauti na grauti haina mnyumbuko.

Kabati la kioo

Hili linafaa, kwa masharti. Kina kisizidi sentimita 12 likining'inia, au lizamishwe ukutani kwa njia ileile ya kidaka. Chini yake pabaki angalau sentimita 30 kutoka kwenye mfereji wa sinki, la sivyo kila anayenawa uso atagonga paji.

Muuzaji atatoa sumaku mfukoni kukuonyesha kwamba chuma chake hakishiki kutu. Sumaku hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba si chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Haitofautishi chuma cha 304 na cha 201, maana vyote viwili karibu havivutwi na sumaku. Tofauti ni nikeli: 304 ina asilimia 8 au zaidi, 201 ina karibu nusu yake na manganizi nyingi zaidi, na ndiyo inayotoa madoa ya kahawia ukisafisha bafu kwa dawa ya klorini. Tafuta namba iliyochapwa kwenye chuma au kwenye boksi. Isipokuwepo, chukulia ni 201 na ulipe bei ya 201.

Kioo chenyewe huharibika kuanzia ukingoni, weusi ukitambaa ndani, kwa sababu unyevu umefika kwenye madini ya nyuma. Geuza mlango utazame nyuma: ukingo wote uwe umepakwa rangi hadi mwisho. Kioo kilichogundishwa bodi nzima bila nafasi ya hewa hakidumu.

Rafu ya bomba juu ya choo

Zile za kufungasha, za vibomba vyembamba vilivyopakwa rangi nyeupe, hazifai sakafu inayolowa. Maji huingia kwenye miguu iliyo wazi chini na kutu hutokea ndani, ambako rangi haikufika. Ukiona tone la kahawia kwenye kigae, mguu umekwisha.

Mafundi wa jua kali hutengeneza nzuri zaidi, ukiwapa maelezo. Bomba la mraba la milimita 20 kwa 20, unene wa milimita 1.5, na badala ya miguu rafu ishikwe ukutani kwa mabamba manne yenye matundu. Kila mwisho wa bomba uzibwe kwa kulehemu. Kulehemu kusuguliwe, kupakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Rafu ya chini kabisa iwe sentimita 30 juu ya mfuniko wa tangi la choo, kwa sababu siku boya likiharibika fundi lazima ainue mfuniko na kuingiza mkono. Kina kisipite kile cha tangi, sentimita 20 au chini ya hapo, ili mgongo wa anayeketi usiguse.

Vitu vidogo

Rafu ya kona ya glasi: nunua ya milimita 8 iliyokazwa kwa moto, yenye pande za sentimita 20 hadi 25. Ya milimita 5 iache. Maji ya kisima cha kuchimba huacha madoa meupe kwenye glasi. Siki huyaondoa, lakini usiiguse kwenye marumaru wala terazo, itayala.

Vikapu vya kunyonya ukuta kwa mpira havitegemeki, na kwenye kigae chenye mikwaruzo havishiki kabisa. Vya kubandika kwa gundi hushika vizuri kwenye kigae laini kilichofutwa kwa spiriti, mradi visibebeshwe chochote kwa saa 24 za kwanza. Ni vya mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia drili.

Juu ya mlango

Mlango huishia mita 2.1, dari mara nyingi iko mita 2.6 au 2.7. Hapo katikati mna nusu mita ambayo hakuna anayeitumia, na ndiyo sehemu kavu kuliko zote bafuni. Weka bamba la graniti au bodi ya PVC ya milimita 18, kina sentimita 30, juu ya vyuma vya pembe vya milimita 25 kwa 25 vilivyofungwa kuta mbili za pembeni. Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bamba la sentimita 120 kwa 30 ni karibu kilo 20 kabla hujaweka kitu. Vyuma vitatu, si viwili. Karatasi za chooni, sabuni za akiba na taulo hukaa huko. Kama matundu ya hewa yako juu ya mlango, rafu ikae chini yake na vitu visipangwe hadi darini. Bafu lisilopumua huozesha kila kilichotajwa hapa.

Kutoboa

Rafu nyingi huanguka na lawama hupewa rafu. Hesabu: kigae milimita 8, gundi 5, plasta 15, jumla 28. Fisha (plagi ya plastiki inayopokea skrubu) ya milimita 40 inayokuja ndani ya boksi imeshika jiwe kwa milimita 12 tu. Iliyobaki iko kwenye plasta. Tupa zile za boksi. Nunua fisha na skrubu za milimita 80, kipenyo cha 8, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa zile za njano huoza kwa mvuke na klorini.

Toboa kigae kwa ncha ya kigae, drili ikiwa imezimwa nyundo, ukianza polepole juu ya kipande cha tepu ya karatasi ili ncha isiteleze. Ukishapita kigae, badilisha ncha ya zege ndipo uwashe nyundo. Kaa sentimita 2 au zaidi kutoka ukingo wa kigae. Puliza vumbi, tia silikoni kidogo ndani ya tundu, ingiza fisha. Silikoni hiyo haishikilii uzito, inazuia maji yasiifuate skrubu hadi kwenye jiwe. Fisha ikizunguka bila kukaza, ama umeingia kwenye uwazi wa bloku ama jiwe limepondeka. Kuongeza kijiti cha kiberiti si suluhisho. Jaza tundu kwa gundi ya kemikali ya kufungia boliti, au hamisha.

Mapatano

Kidaka kilipwe kwa kazi, kisilipwe kwa siku, na anayevunja kigae ajulikane mapema. Nunua boksi moja la ziada lenye namba ileile ya toleo iliyochapwa kando, kwa sababu kigae cha jina lilelile kutoka toleo jingine hutofautiana rangi. Asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi hadi majaribio mawili yafanyike: kikombe cha maji kimiminwe ndani ya kidaka, yote yatoke yenyewe bila kusimama kona yoyote, kisha shawa ifunguliwe ikielekezwa humo kwa dakika kumi, na kesho yake ukuta wa chumba cha nyuma upapaswe kwa mkono.